Kwa Nini Sisi Tunaitwa Wang'ambo

Kijana aliyekuja kumchumbia binti yangu alikula supu yangu, akaisifu, halafu akaniibia mtakatifu.

Nasema aliniibia kwa sababu ndivyo nilivyoona siku ile. Tulieni, nitaeleza.

Naitwa Živan Srbulov. Kwetu ni Suvi Bunar, huku Banati, upande wa Serbia. Ukipanda juu ya ghala la nafaka la kijiji unaiona Romania bila kukaza macho. Kwenye hilo ghala nilifanya kazi miaka thelathini na moja, kwenye mizani.

Kazi yenyewe ilikuwa kushuku watu.

Mkulima analeta mahindi. Juu ya gunia makavu kabisa, katikati kayamwagia maji ili yazidi uzito. Mimi naingiza mkono mpaka kwapani, natoa punje za chini, naziuma. Hakuna gunia lililowahi kuniingiza mjini.

Sasa fundi mmoja wa lifti kutoka mjini angeniwezea wapi?

Jambo la pili la kujua. Sisi kina Srbulov tulikuwa tunaringia jina. Hebu lisikilize vizuri: Srb. Yaani Mserbia. Wenzetu wanaitwa kwa jina la babu aliyekuwa mhunzi, au babu aliyekuwa kiwete. Sisi jina letu ni taifa zima.

Marehemu baba akishapata glasi mbili tatu za rakija alikuwa anagonga meza. "Sisi hatuulizwi kabila," anasema. "Tumeshaandikwa."

Na kwa kuwa majina kijijini yanajirudia, kila nyumba ina jina lake la utani. Sisi tunaitwa Wang'ambo. Ukitoka kanisani, nyumba yetu iko ng'ambo ya barabara. Ndiyo hivyo tu, wala sikuwahi kulifikiria zaidi ya hapo.

Basi. Mwezi wa sita, Nevena, binti yetu wa pekee, akaja na kijana.

"Baba, huyu ndiye Ognjen."

"Ognjen nani?"

Mimi jina la kwanza halinihusu. La kwanza mtu anapewa na mama yake. La pili ndilo linalotoa siri.

"Vlaškalin," akasema.

Kijiko kikanisimamia mkononi. Vlah ndivyo tunavyowaita Waromania huku kwetu. Vlaškalin ni mtu wa Wavlahi. Jina liko wazi, halina hata haya.

"Kwa hiyo nyinyi ni Waromania."

"Hapana, mzee. Ni Waserbia."

"Jina linasema vingine."

"Hata sisi hatujui lilitoka wapi. Babu alikuwa anasema wazee wetu walipitia Salcia."

Salcia ni kijiji cha kule upande wa pili wa mpaka. Nikajisemea moyoni, haya, umekiri kwa mdomo wako.

Mke wangu Desanka akanikanyaga mguu chini ya meza. Kisha akamgeukia kijana na sauti ya asali.

"Na slava yenu ni lini, mwanangu?"

Slava ni siku ya mtakatifu wa ukoo. Baba anamwachia mwana, mwana anamwachia mjukuu, haibadilishwi. Mserbia anaweza kukudanganya umri na mshahara, lakini slava utaijua tu.

"Srđevdan," kijana akajibu. "Tarehe ishirini mwezi wa kumi."

Yaani siku ya Mtakatifu Srđ.

Srđevdan ni yetu. Suvi Bunar nzima, nyumba inayowasha mshumaa siku hiyo ni moja tu, nayo ni hii alimokuwa anakunywa supu.

Yeye wala hakushtuka. "Tunayo na ikoni ya huyo mtakatifu, picha yake kwenye ubao, ya zamani sana, imekuwa nyeusi kwa moshi. Nyuma imechongwa herufi mbili. F na S."

"F na S," nikarudia. "Na wewe ni V."

"Ndiyo, mzee. Hatujui ni za nani."

Mimi nilijua. Zilikuwa za mwenye ikoni, huko aliko, akiwa bado anaitafuta.

Walipoondoka, Desanka alianza kukusanya sahani.

"Baba Nevena, mimi naogopa. Wenye slava moja hawaoani. Ni ndugu hao."

"Ndugu wa wapi? Huyo Mvlahi kanunua ikoni mnadani, kajipachika mtakatifu ili aonekane mwenzetu."

"Na kama ni ya kweli?"

Hapo moyo wangu ukachanua. Kama slava ni ya uongo, kijana ni tapeli. Kama ni ya kweli, kijana ni ndugu. Kotekote harusi hakuna. Niliosha mikono nikaenda kulala mchana kwa raha zangu.

Nevena alipopata habari kwamba nimekataa, hakulia. Huyu anafundisha hesabu, kulia si kawaida yake. Alikuja Jumamosi, hakukaa hata kwenye kiti.

"Unataka ushahidi, baba? Utafute. Nakupa mpaka Srđevdan. Ukiniletea ukweli, hata kama ni mchungu, nitausikiliza. Ukiniletea porojo, nitaondoka siku hiyohiyo, na mezani kwako hutaniona tena."

"Unanitisha?"

"Nakuarifu."

Amerithi kwangu. Sina wa kumlaumu.

Kwa hiyo kiangazi chote nikawa mpelelezi. Nilizunguka makaburini na daftari. Nilipanda basi mpaka mjini, nikakaa siku mbili mkabala na jengo alilokuwa anatengeneza lifti, nimejifunika gazeti. Nilikuwa nasubiri kitu kimoja tu: aangushe chombo mguuni.

Mtu akiumia hutukana kwa lugha ya mama yake. Hapo haigizi mtu.

Siku ya pili akaangusha. Alitukana kwa Kiserbia safi, tusi refu, lenye mpangilio, hata babu yangu angempa mkono.

Nikasema, huyu amefunzwa vizuri.

Mwezi wa tisa akanipigia simu mwenyewe.

"Mzee, nasikia unanitafuta asili. Twende Salcia pamoja. Gari ninalo. Vitabu vya kanisa la kule ni vya zamani, nimeulizia. Ila mimi Kiromania sijui hata neno moja, na Nevena anasema wewe unakijua."

Mvlahi asiyejua Kivlahi. Ana mpango gani huyu?

Ni kweli nilikuwa nakijua kidogo. Kilianzia kwa bibi yangu. Jioni akiwafungia kuku alikuwa anahesabu vifaranga, unu, doi, trei, na mimi mtoto nilidhani hiyo ni lugha ya kuku. Nilipokua nikagundua ni Kiromania, nikajiambia alikiokota sokoni. Maneno mengine niliyaongeza kwenye mizani. Sikuona cha ajabu hapo.

Tukaenda. Mpakani, askari wa Romania akachukua pasipoti ya Ognjen, akaiangalia, akamrudishia. Akachukua yangu. Akaisoma, akatabasamu, akaanza kunisemesha kwa lugha yake, haraka haraka, kana kwamba tumekua mtaa mmoja.

"Anasemaje?" Ognjen akauliza.

"Anauliza kama tuna nyama kwenye gari."

Hakuuliza nyama. Alisema, "Karibu nyumbani, bwana Srbul."

Nilichukia. Nikahesabu kwamba ananidhihaki.

Padri wa Salcia, Baba Ilarie, alikuwa mzee mwembamba aliyekuwa anapaka rangi milango ya kanisa mwenyewe. Kiserbia hakujua kabisa. Nikamweleza kwamba tunatafuta watu walioitwa Vlaškalin. Akatikisa kichwa, hakuna jina kama hilo hapa.

"Hapa sote ni Wavlahi," akasema. "Tungemwita nani Mvlahi?"

Hilo neno liliniingia sikio la kushoto likatokea la kulia. Nilikuwa na haraka ya kukamata mtu.

"Mwulize ikoni," Ognjen akasema. "Mwambie ya Mtakatifu Srđ. Mwambie F na S."

Nikatafsiri kwa shingo upande. Baba Ilarie akaweka brashi chini. Akatuambia tumsubiri.

Alirudi na kitabu cha ubatizo, cha kwanza kabisa cha kanisa lile, jalada limekatika. Kwenye ukurasa wa mbele, padri wa mwaka 1791 alikuwa ameandika maelezo kwa mkono. Ognjen akaomba ruhusa, akaupiga picha kwa simu. Baba Ilarie akanisomea mimi, taratibu, kidole chini ya kila mstari.

Iliandikwa hivi. Vita ilipochoma Suvi Bunar, walikimbilia hapa ndugu wawili Waserbia, Filip na Sava, pamoja na ikoni yao. Filip akaoa hapa akabaki. Sava, baada ya miaka minne, alirudi kwao na ikoni, akiwa amevaa kofia na koti la ngozi kama watu wetu. Nasikia huko wanamwita Mvlahi, wakati ndugu yake hapa tunamwita Mserbia. Mungu awarehemu wote wawili.

Kwa lugha yao, Mserbia ni Sârbul, na jina la namna hiyo ni la kwao, kama alivyoona yule askari wa mpakani.

Srbul.

Baba Ilarie akaendelea kufungua kurasa, sasa amechangamka. Filip Sârbul. Mwanawe. Mjukuu wake. Wote wameoa hapahapa, mabinti wa Salcia, kizazi baada ya kizazi. Na mwisho, mwaka 1898: Trifun Sârbul amehamia Suvi Bunar na mkewe Floarea.

Kaburi la Trifun liko kwetu. Huyo ni babu wa baba yangu na nimelisafisha kila mwaka tangu utotoni. Karani wa Suvi Bunar alimwongezea mkia mmoja kwenye jina, akawa Srbulov, na sisi tukaringia miaka mia na zaidi. Jiwe linasema mkewe aliitwa Cveta. Cveta ni ua. Floarea ni ua pia. Kumbe mama wa watu walimtafsiri mpaka na jina.

Na bibi yangu, yule wa kuku, ndiye aliyefundishwa kufuga na huyo Floarea, mama mkwe wake.

Baba Ilarie akaanza kuhesabu vizazi kwa vidole, aone tumefika wapi. Kuanzia Filip. Unu, doi, trei.

Nikajikuta namalizia naye. Patru, cinci. Kwa sauti ya bibi ileile, ya kuita vifaranga.

Nevena akatokea kuwa wa nane. Nikauliza kama wazao wa hao ndugu wawili wanaweza kuoana leo. Baba Ilarie akacheka.

"Vizazi vinane huku, na kule kama hivyohivyo. Kanisa lilishaacha kuuliza zamani kabla ya kufika huko."

Ognjen alikuwa amesimama pembeni, anatuangalia mmoja mmoja.

"Amesemaje, mzee?"

Hapa sasa mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo pananiuma.

Watu waliojua kilichoandikwa pale tulikuwa wawili. Mmoja ni padri asiyejua Kiserbia. Mwingine ni mimi.

Yule niliyemwita mgeni ndiye aliyekuwa mwenyeji. Ukoo wake ulirudi Suvi Bunar miaka mia moja kabla ya wetu, tena na mtakatifu mkononi. Sisi ndio tuliotoka Romania juzi, tumebeba kuku. Na ikoni ya ukutani kwangu ni karatasi, Desanka aliinunua gulioni.

"Mzee?"

"Anasema kurasa zimeharibika," nikajibu. "Hakuna kitu cha maana."

Kijana hakuuliza tena. Njia nzima yeye aliendesha, na mimi nikaangalia alizeti zilizokauka. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, hata siku niliyomfukuza mkulima wa watu kwenye mizani na baadaye mahindi yake yakaonekana makavu.

Siku zilizobaki sikulala mchana hata mara moja. Nilipanga uongo wa kila aina. Nikasema nitadai ni ndugu wa karibu. Au hakuna ushahidi, kwa hiyo tusubiri mwaka. Kila nikiupima niliuona una maji katikati.

Ikafika tarehe ishirini.

Meza imejaa. Ngano ya kuchemsha yenye sukari, supu, kabichi iliyofungiwa nyama, mshumaa umewashwa, na katikati mkate wa slava. Mgeni wa kwanza alikuwa Bibi Persida, jirani yetu mwenye miaka tisini na kitu, ambaye hakosi mahali penye supu. Nevena na Ognjen wakaingia saa sita. Nevena alinibusu shavu, akaacha begi kubwa la nguo karibu na mlango.

Nililiona begi. Kazi yangu ni kuona.

Mkate wa slava mwenye nyumba haumegi peke yake. Unaushika wewe upande mmoja, mwingine anashika upande wa pili, mnauzungusha, mnaumega. Kila mwaka nilikuwa namwita kumu wangu, baba wa ubatizo wa Nevena. Mwaka huo kumu alikuwa amelazwa kwa mgongo. Watu wakanisubiri niite mtu.

Nikaushika mkate. Nikaangalia begi.

"Ognjen," nikasema, "njoo ushike. Huyu mtakatifu ni wenu kuliko wetu."

Halafu nikasema yote. Filip na Sava. Kofia na koti. Floarea na kuku. Nikasema kwamba tulipokuwa Salcia nilidanganya, na kwamba jina nililoringia tulipewa na Waromania, kwa sababu kule kwao tulikuwa wageni.

"Mvlahi ni mimi," nikamalizia. "Kama kuna wa kushukiwa humu ndani, ni mimi."

Hakuna aliyeshtuka. Hilo ndilo lililonishangaza.

Nevena akatoa simu, akaiweka mbele yangu. Ile picha ya ukurasa, na chini yake tafsiri, mstari kwa mstari. Mwalimu mwenzake anajua Kiromania cha zamani.

"Tunayo tangu siku ya tatu baada ya safari," akasema.

"Mlijua? Na mkanyamaza?"

"Kujua tulijua, baba. Nilichokuwa sijui ni wewe utasema nini."

Akaenda mlangoni, akachukua lile begi, akalipeleka chumbani kwake kwa zamani. Desanka akajifuta macho na kona ya aproni. Mimi na Ognjen tukauzungusha mkate mara tatu na kuumega.

Nilidhani yamekwisha. Ndipo Bibi Persida akaweka kijiko chini.

"Sasa hii habari yote ya nini, Živane? Si ndiyo maana mnaitwa Wang'ambo."

"Bibi, tunaitwa Wang'ambo kwa sababu ya barabara. Kanisa liko pale, sisi tuko huku."

"Hilo kanisa limejengwa pale mimi mtoto. Nimebeba matofali yake kwa mikono hii. Kabla ya hapo lilikuwa kule kwenye kisima, na nyinyi mlikuwa mnaitwa Wang'ambo tayari. Babu yako alikuja amebebwa mgongoni kutoka ng'ambo. Kijiji kizima kinajua."

Nikamtazama. Nikawatazama wote. Kila mtu alikuwa anaangalia sahani yake.

"Miaka yote hii, mbona hamkuniambia?"

"Hukuuliza," akasema Bibi Persida, akirudi kwenye supu. "Wewe ulikuwa unauliza za wengine."

Harusi ilifanyika mwezi wa pili. Ile ikoni nyeusi sasa inakaa nusu mwaka kwao, nusu mwaka kwetu, na mjukuu akija kuzaliwa ataitwa Vlaškalin, nami nitamfundisha kuhesabu vifaranga.

Funzo langu ni fupi. Miaka thelathini na moja niliingiza mkono kwenye magunia ya watu mpaka chini kabisa. Langu sikuwahi hata kulifungua. Kwa hiyo wewe unayesoma hapa huku unamchunguza mtu jina lake la pili, kamuulize kwanza jirani yako mzee kuliko wote, nyumba yenu inaitwaje na kwa nini. Na ukienda, kaa chini kabisa, usije ukaanguka.